HELB, CRB na kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa nimekaa upande wa meza unaopokea faili za waombaji kazi. Kabla ya hapo nilikaa upande wa pili, bahasha ya vyeti mkononi na deni la HELB, yaani mkopo wa chuo, kichwani. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila msimu wa mahafali, na mengi huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba kudaiwa ni ugonjwa. Majibu yanahusu Kenya, isipokuwa sehemu ya mwisho inayovuka mpaka. Mwenye haraka asome la 2, la 6 na la 11.

## Mambo ya msingi

1. CRB ni nini, na inahusianaje na HELB?

CRB ni kampuni yenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya ambayo kazi yake ni kukusanya habari za namna watu wanavyolipa mikopo. Si kampuni moja. Ya kwanza ilipewa leseni mwaka 2010, na leo inajulikana kwa jina la TransUnion. Metropol ikafuata 2011, kisha Creditinfo 2015. Benki na wakopeshaji wengine hupeleka huko taarifa za wateja wao, na mtu akitaka kukukopesha, huko ndiko huenda kukusoma.

HELB ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, shirika la serikali lililoundwa kwa sheria ya 1995, na ndiyo iliyokupa pesa ukiwa chuoni. Chukulia kwamba HELB ni mwenye duka aliyekukopesha unga, nayo CRB ni daftari ambalo wenye maduka wote wa mtaa huandikia. Kulipa unamlipa mwenye duka. Ukienda kulilia daftari, litakurudisha dukani.

2. Nina mkopo wa HELB ambao sijamaliza kulipa. Je, tayari "niko CRB"?

Hapana, si kwa maana ambayo watu huitumia. Mtu akisema "niko CRB" huwa anamaanisha ameandikwa vibaya. Lakini karibu kila mtu aliyewahi kukopa benki yumo katika mafaili hayo, kwa sababu tangu 2014 benki hupeleka pia habari za wanaolipa vizuri. Kuwamo si aibu. Kinachoharibu jina ni mkopo uliofika siku yake ya kulipwa ukanyamaziwa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili ana deni la HELB, ila hana doa. Mwalimu anayekatwa kila mwezi ana deni, ila hana doa. Yule aliyehitimu miaka mitatu iliyopita, hajalipa hata shilingi mia na hajawahi kuwaandikia HELB hata barua moja, huyo ndiye mwenye shida, hata kama deni lake ni dogo kuliko la wenzake wote.

3. Mwajiri akiomba "CRB", huona nini hasa?

Mara nyingi huona karatasi ya ukurasa mmoja, yaani cheti cha CRB, kinachosema kwamba kufikia tarehe fulani huna mkopo uliokwama. Hakuna orodha ya benki zako wala kiasi unachodaiwa.

Ripoti kamili ni kitu kingine. Hiyo huonyesha mikopo yako, siku ulizochelewa, na alama. Kwa Metropol, alama hizo huanzia 200 hadi 900, na aliye chini ya 400 kwa kawaida ana mkopo ulioshindikana kulipwa. Alama hizi ni za wakopeshaji. Katika miaka yangu yote mezani sijaona jopo la mahojiano likibishana kuhusu alama. Tulichouliza kilikuwa kimoja tu: cheti kipo au hakipo?

4. Kwa nini mwajiri ajishughulishe na madeni yangu?

Asili yake ni Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, inayohusu uongozi na uadilifu. Ilikusudiwa kuwachuja wenye nyadhifa za umma. Kutoka hapo ukazaliwa mlolongo wa karatasi tano ambao kila Mkenya anayetafuta kazi anaujua kwa moyo: cheti cha ushuru cha KRA, fomu ya EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi), cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI (idara ya upelelezi), cheti cha HELB na cheti cha CRB. Idara za serikali zikazoea kuudai hata kwa kazi za ngazi ya chini, kampuni binafsi nazo zikaiga.

Kwa keshia au mhasibu naielewa hoja yao, ingawa hata hapo ni hoja nyembamba, kwa sababu mwizi hodari hulipa mikopo yake kwa wakati. Kwa muuguzi au dereva wa trekta sijawahi kuielewa.

## Deni la HELB linavyoharibika

5. Natakiwa kuanza kulipa lini, na riba ni kiasi gani?

Ndani ya mwaka mmoja tangu umalize masomo, uwe umeajiriwa au hujaajiriwa. Riba kwa mkopo wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ni nafuu sana ukiilinganisha na benki yoyote ya hapa nyumbani. Ukiuchukulia kama mkopo wa kawaida, hakuna mwingine rahisi kama huo utakaoupata maishani.

Ubaya wake uko kwenye faini. Asiyelipa hutozwa shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Piga hesabu: mtu aliyekopa shilingi 120,000 hutozwa riba ya shilingi 4,800 kwa mwaka mzima. Faini ya mwezi mmoja tu inaipita riba ya miezi kumi na miwili. Watu wengi wanaolalamika kwamba riba ya HELB imewamaliza hawajawahi kuumizwa na riba; kilichowala ni faini.

6. Mwaka umeisha na sina kazi. Nifanye nini?

Usinyamaze. Hili ndilo jibu ninalolirudia kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote, maana mtu asiye na pesa huona haya kumpigia simu anayemdai.

HELB haina namna ya kujua kwamba uko nyumbani Bomet unasubiri. Katika mitambo yao, aliyenyamaza kwa kukosa kazi na aliyenyamaza kwa ujeuri wanafanana. Andika barua pepe au fika kwenye kaunta zao, eleza hali yako, na uombe kulipa kiasi unachokiweza. Ukipata vibarua, tuma hata shilingi mia tano au elfu moja kupitia M-Pesa, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho. Malipo madogo hayamalizi deni, lakini yanakuweka upande wa wanaolipa, na upande huo ndio utakaokusaidia siku ukihitaji cheti (tazama swali la 11).

Kuna wanaouliza kama wakope kwenye simu ili wawalipe HELB. La. Huo ni kuutoa mkopo wa asilimia 4 kwa mwaka na kuingiza mwingine unaoweza kutoza zaidi ya hapo kwa mwezi mmoja, na ambao utakufikisha CRB mbio zaidi.

7. Faini zimezidi pesa nilizokopa. Hiyo ni halali?

Mwaka 2022 Mahakama Kuu ililijibu swali hili katika kesi iliyofunguliwa na wahitimu watatu. Sheria ya Benki ina kanuni kwamba mkopo ukishakwama, riba haiwezi kuendelea kupanda hadi ikaupita mkopo wenyewe. HELB ilikuwa ikijihesabu kuwa nje ya kanuni hiyo kwa sababu si benki. Mahakama ikasema inaihusu nayo pia: riba na faini zikijumlishwa, zisizidi kile kiasi cha msingi.

Uamuzi wa mahakama haujiandiki wenyewe kwenye taarifa yako ya mkopo. Pakua taarifa hiyo kwenye tovuti ya HELB, tenganisha mistari mitatu (mkopo wa msingi, riba, faini), jumlisha miwili ya mwisho, na ukiona imeupita wa kwanza, waandikie HELB ukitaja uamuzi huo na uwaombe wapige hesabu upya. Fanya hivyo kwa maandishi. Mazungumzo ya simu hayana shahidi.

8. Je, ningoje msamaha wa faini?

Msamaha upo kweli. Mara kadhaa HELB imetangaza kuwaondolea faini wanaolipa deni lote kwa mkupuo, wakati mwingine asilimia 80 ya faini, wakati mwingine yote. Ikiwa umepata pesa za kumaliza, uliza kwanza kama kuna msamaha unaoendelea kabla ya kutuma.

Lakini kuungoja bila kulipa chochote ni kucheza kamari. Msamaha hauna tarehe maalumu, humfaa mwenye pesa taslimu, na wakati unaungoja, jina lako liko CRB.

9. Niliacha chuo kabla ya kumaliza. Deni lipo?

Lipo. Sheria inaipa bodi uwezo wa kuuita mkopo urudi hata kabla ya masomo kukamilika. Wengi walioacha mwaka wa kwanza au wa pili hudhani kwamba bila mahafali hakuna deni, wakaja kushtuka miaka sita baadaye. Kama uliacha, wajulishe HELB na uulize tarehe yako ya kuanza kulipa ni ipi.

## Vyeti mezani

10. Tangazo la kazi linataka vyeti vyote vitano viambatishwe kwenye maombi. Wanaruhusiwa?

Tangu Sheria ya Ajira irekebishwe mwaka 2022, mwajiri haruhusiwi kumdai mtu vyeti hivi isipokuwa awe amekusudia kuandikiana naye mkataba wa kazi. Kwa maneno mengine, kwanza ofa, kisha karatasi. Sababu ilikuwa wazi: vijana walikuwa wakitumia maelfu ya shillingi kutafuta vyeti vya kazi ambayo hata mahojiano hawakuitwa, na kulazimika kuvilipia tena vikiisha muda.

Sheria hii ni nzuri ila mkono wake ni mwepesi. Matangazo ya aina hiyo yanaendelea kutoka, hata kutoka ofisi za umma. Ukikutana nalo, tuma maombi yako na uandike mstari mmoja wa adabu kwenye barua: vyeti vya Sura ya Sita utaviwasilisha mara tu utakapopewa ofa. Nimepokea barua nyingi za aina hiyo. Hakuna hata moja niliyoitupa kwa sababu ya mstari ule, japo siwezi kuapa kwa niaba ya kila mtu anayefungua bahasha nchini.

11. Bado nadaiwa na HELB. Nitapewaje cheti?

HELB hutoa vyeti vya aina mbili, na kuvichanganya kumewakosesha watu usingizi bure. Kimoja ni cha aliyemaliza kulipa deni lote. Kingine ni cha anayetimiza wajibu wake: hajamaliza, lakini analipa kama inavyotakiwa. Mwajiri anayeomba "cheti cha HELB" huhitaji kujua kwamba hamkosani, na hicho cha pili kinamtosha.

Basi huhitaji kumaliza deni ili uajiriwe. Nimewaona watu wakiuza mifugo ya baba ili wamalize deni lote ndani ya wiki moja ya ofa, kumbe wangelipa malimbikizo tu, wakakubaliana na HELB kuhusu kiasi cha kila mwezi, wakachukua cheti cha pili. Pigia HELB kabla ya kumpigia dalali wa ng'ombe.

12. Sikuwahi kukopa HELB. Kwa nini naombwa cheti chao?

Kwa sababu aliyekuandikia fomu hajui hilo. Kuna cheti kwa asiyewahi kukopa pia. Unakiomba mtandaoni kwa kitambulisho chako. Inaudhi, ndiyo.

13. Niliorodheshwa CRB kwa mkopo mdogo wa simu. Je, utanizuilia kazi?

Kanuni za 2020 ziliweka sakafu: deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kupelekwa CRB kama taarifa mbaya. Kama lako liko chini ya hapo, lalamika (tazama swali la 20). Mwaka huo huo wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa na mtu yeyote waliondolewa kwenye mfumo, kwa hiyo si kila programu inayokutishia CRB ina njia ya kukupeleka huko.

Kama liko juu ya hapo, lilipe sasa hivi. Wapo wahitimu wanaohangaika na HELB ya laki mbili huku kinachowanyima cheti ni shilingi 1,700 za mkopo wa simu walizokopa mwaka wa tatu wakazisahau walipobadilisha laini. Kabla ya kulaumu HELB, vuta ripoti yako usome.

14. Nilisikia CRB iliondolewa mwaka 2022. Si kweli?

Haikuondolewa. Septemba 2022 Rais Ruto alitangaza nia ya kuacha kuwafungia watu milango kabisa na badala yake kuwapima kwa alama. Kisha Novemba, Benki Kuu ikaleta mpango wa kurekebisha majina: mabenki yakaombwa yapunguze angalau nusu ya madeni madogo ya simu yaliyokwama, na mpango ukafungwa tarehe 31 Mei 2023. Ulihusu mikopo ya simu ya muda mfupi. Mkopo wa HELB haukuguswa.

15. Mwajiri anaweza kunisoma CRB bila kuniambia?

Hapaswi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa zako ni zako: anayezichukua lazima awe na msingi wa kisheria, akueleze anazitaka kwa nini, na asizitumie kwa jingine. Ndiyo maana waajiri wengi hupendelea wewe mwenyewe ulete cheti, wasiguse faili. Soma ile fomu ya ajira ya kurasa nane kabla ya kutia sahihi, kwani ruhusa ya kukuchunguza mara nyingi imejificha ukurasa wa saba. Mwenye malalamiko huyapeleka kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

16. Nikinyimwa kazi kwa sababu ya CRB pekee, naweza kushtaki?

Ni njia ngumu. Sheria ya Ajira inataja misingi ambayo mwajiri hawezi kubagua kwayo: rangi, jinsia, dini, kabila, ulemavu, ujauzito, hali ya HIV na mingineyo. Deni halimo kwenye orodha hiyo. Unaweza kujenga hoja juu ya Katiba au juu ya marekebisho ya swali la 10, lakini hapo unahitaji wakili.

Kinachofaa zaidi huwa mazungumzo. Ofa ikiwa imeshatoka na cheti hakipo, mwandikie afisa wa rasilimali watu kabla hajakuuliza: deni ni hili, nimelipa kiasi hiki, barua ya makubaliano na HELB hii hapa, cheti kitakuwa tayari tarehe fulani. Mtu aliyejieleza mapema huombewa muda na mkuu wa idara. Aliyefichuliwa huanza kuulizwa kingine anachoficha ni nini.

## Baada ya kuajiriwa

17. Mwajiri atanikata kiasi gani?

Mwajiri ana wajibu wa kisheria kuwajulisha HELB kwamba ameajiri mdaiwa wao, kukata kiasi anachoelekezwa, na kukipeleka. Ulinzi wako ni kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira: makato yote kwa jumla, HELB, SACCO, mikopo ya benki na kodi yakiwemo, hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja lazima ifike nyumbani. Ukiwa tayari umejaza mikopo ya benki, mwambie afisa wa mishahara mapema ili HELB ipate nafasi, kwa sababu ikikosa nafasi haisamehewi, inageuka malimbikizo.

18. Pesilipu inaonyesha nakatwa HELB, lakini HELB wanasema sijalipa. Nani muongo?

Mara nyingi hakuna muongo, kuna uzembe. Pesa zimekatwa na hazijapelekwa, au zimepelekwa zikaandikwa kwa nambari ya kitambulisho ya mtu mwingine. Yalinipata mwenyewe katika kazi yangu ya kwanza: miezi saba ya makato, na taarifa ya HELB tupu kama kibuyu. Nilikuwa nimepoteza pesilipu nne kati ya saba, na zile nne zilinigharimu miezi ya kubembeleza karani wa mishahara azichapishe upya.

Kwa hiyo hifadhi kila pesilipu. Kila baada ya miezi mitatu fungua taarifa yako ya mkopo uilinganishe nazo. Ukiona pengo, mwandikie mwajiri na unakili HELB kwenye barua hiyo hiyo, ukiambatisha pesilipu. Mwajiri asiyepeleka makato anavunja sheria na ana adhabu yake mwenyewe, na HELB wana uwezo wa kumfuata. Usikubali kuambiwa "tutaangalia". Omba uandikiwe.

Ukibadilisha kazi, tatizo hili huzaliwa upya: mwajiri wa zamani anaacha, wa mpya hajaanza, nawe unadhani unakatwa. Miezi hiyo ya katikati jilipie mwenyewe.

## Kusafisha jina

19. Nikilipa, doa linafutika lini?

Kuna mambo mawili hapa. Hali yako ya sasa hubadilika punde aliyekudai anapopeleka habari kwamba umelipa, na hapo unaweza kupata cheti. Historia ya kwamba uliwahi kushindwa kulipa hubaki kwenye ripoti kwa miaka mitano tangu siku ulipomaliza. Mwajiri anayetaka cheti hataiona. Benki unayoiomba mkopo wa nyumba itaiona.

Ukimaliza kulipa, usikae kungoja. Dai barua ya kumaliza deni kutoka kwa aliyekukopesha, subiri wiki chache, kisha vuta ripoti uone kama imebadilika.

20. Ripoti ina kosa. Naanzia wapi?

Vuta ripoti kwanza. Una haki ya moja kwa mwaka bila malipo. Angalia jina la aliyekuorodhesha, kiasi na tarehe. Kisha peleka pingamizi kwa CRB yenyewe, ukiambatisha ushahidi. Nao wana wajibu wa kumuuliza aliyeleta taarifa, na wakati mgogoro unaendelea ripoti ionyeshe kwamba jambo hilo linapingwa.

Uliza pia swali moja linaloshinda kesi nyingi: nilijulishwa? Mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya. Kwa kuwa kampuni za CRB ni kadhaa, hakikisha kosa limerekebishwa kote.

21. Kuna mtu mtandaoni anasema atanitoa CRB kwa shilingi 3,000.

Ni tapeli. Hakuna wakala anayeweza kufuta deni halali. Kwa deni lisilo halali, pingamizi la swali la 20 ni bure. Cheti cha CRB cha mara ya kwanza nacho, kwa mujibu wa kanuni za 2020, ni bure; baada ya hapo ada iliyozoeleka ni shilingi 2,200.

## Hali zisizo za kawaida

22. Nilimdhamini binamu yangu kwenye fomu ya HELB. Deni lake linaweza kuniharibia kazi?

Fomu ya HELB hudai wadhamini, na watu huitia sahihi kama wanavyotia sahihi kitabu cha rambirambi, bila kuisoma. Udhamini ni ahadi ya kulipa mwenye deni akishindwa, na HELB wanaweza kukuandama. Cheti chako mwenyewe cha HELB hutegemea deni lako. Lakini barua ikija, usiipuuze. Mtafute binamu kabla hawajakutafuta wewe.

23. Nilisoma Tanzania na nilipata bumu, yaani mkopo wa wanafunzi. Sheria ni hizi hizi?

Hapana. Bodi ya huko ni HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya 2004. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mwajiri anatakiwa kuijulisha bodi ndani ya siku 28. Muda wa kusubiri baada ya masomo ni miezi 24. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiwaliza wengi, iliondolewa mwaka 2021, na faini ya asilimia 10 kwa wachelewaji nayo ikaondolewa. Benki Kuu ya Tanzania imetoa leseni kwa kampuni zake za taarifa za mikopo, Creditinfo na Dun & Bradstreet, lakini nguvu ya HESLB iko kwenye pesilipu kuliko kwenye cheti.

24. Niko Marekani. Mwajiri wa huku ataliona deni langu la HELB?

Faili za Nairobi haziunganishwi na za Marekani. Jina la TransUnion lisikutishe; kampuni ina matawi nchi nyingi, ila kila nchi ina daftari lake.

Ukiwa umesoma huko kwa mkopo wa huko, hapo ndipo pa kuangalia. Mkopo wa wanafunzi wa serikali ya shirikisho huripotiwa ukichelewa siku 90, na huhesabiwa umeshindikana ukifika siku 270. Mwajiri anayetaka kusoma ripoti yako lazima kwanza akujulishe kwa karatasi ya peke yake na upate kuiruhusu kwa maandishi, na akikusudia kukunyima kazi kwa sababu yake, akupe nakala kabla hajaamua. Hayo ni matakwa ya sheria ya 1970. Ripoti anayopewa mwajiri haina alama. Majimbo kadhaa, California na Illinois yakiwemo, yamembana zaidi mwajiri, na jiji la New York limefanya hivyo tangu 2015.

25. Basi nikiwa nje naweza kuiacha HELB ingoje?

Unaweza, kwa maana kwamba hakuna atakayekugongea mlango huko Minneapolis. Ila faini haijui kwamba umevuka bahari: miaka mitatu ya kimya ni shilingi 180,000, isipokuwa mpaka wa swali la 7 uizuie kabla ya hapo. Wadhamini wako wako nyumbani na barua zitawafikia wao. Na ukirudi kuomba kazi ya kaunti, cheti kitadaiwa. HELB wanapokea malipo kutoka nje kupitia benki. Kwa mshahara wa huko, deni la kawaida la shahada ya kwanza huisha ndani ya miezi michache. Ukituma, andika nambari ya kitambulisho cha Kenya kama rejeleo, si ya pasipoti, la sivyo utakuja kuuliza swali la 18.